Kisima Kisicho na Namba

Novemba, Lusatia, jua bado halijaamua.
Nafungua kifuniko cha kisima namba 117
kwa ufunguo niliorithi kwa Pösch,
aliyestaafu na nusu ya mapafu.
Nateremsha utepe bombani.
Unashuka gizani, unashuka,
hadi ncha inapogusa na kulia: piii.
Mita kumi na moja na sentimita arobaini.
Mwezi jana zilikuwa sitini na tano.
Nafuta pua, naandika.
Maji yanapanda.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake,
nami nalipwa kuyafika,
inyeshe isinyeshe,
kwa utepe, chupa na sanduku la barafu.

Miaka hamsini pampu ziliyanyonya,
Krismasi na Pasaka hazikulala,
ili mashine ndefu kama mtaa
ikwangue makaa ya kahawia pasipo kulowa.
Visima vya wakulima vikakauka koo.
Kijiji cha Dubrawka kilikuwa pale,
pale pale ninapoonyesha hewani:
walichimba hadi chini ya msingi wa kanisa,
wakahamisha na wafu, kila mmoja na lebo yake.

Kisha mgodi ukafungwa, pampu zikazimwa.
Zilitolewa hotuba, zililiwa soseji.

Na maji, ambayo hayakualikwa, yakaanza kurudi.

Ila hayarudi kama yalivyoondoka.
Yamepita katika udongo uliopinduliwa,
katika mawe ya kiberiti yaliyokwisha kuonja hewa,
yakabeba kila yalichokigusa:
chuma, salfeti, uchachu.
Mtoni yanatokeza na rangi ya chai
iliyosahauliwa jikoni tangu jana.
Samaki? Kamuulize korongo kwa nini amehama.

Marjana Krawc ana miaka themanini na miwili.
Ghala la chini ya nyumba yake limelowa
hadi ngazi ya pili.
Kila Jumapili, baada ya ibada,
huchora mstari wa chaki ukutani,
na chaki yake na utepe wangu
havijapishana zaidi ya kidole.
Chupa za matango ya siki zinaelea kama bata.
Binti yake, aliyeko Cottbus, asema: uza.
Nani, asema mama, atanunua nyumba na bata wake?

Jumanne alinipigia simu mimi, si binti.
Nyuma ya banda kipo kisima cha mama mkwe,
kilichokufa mwaka ule ule alioolewa.
Tangu hapo, akipita na ndoo ya kuku,
hudondosha kijiwe, husikia: ko.
Safari hii kisima kilisema chubwi.

Nikaenda. Hakimo katika orodha,
fomu yangu haina mstari wake.
Nikapima hata hivyo. Nikachota, nikachuja,
nikabandika karatasi penye namba, nikaandika: Marjana.
Majibu ya maabara yalikuja siku ya tisa:
salfeti, miligramu mia sita themanini kwa lita,
na chuma, bado kidogo kiwe msumari.

Nikampigia. Nikasema polepole,
kwa Kisorbi changu kibovu, nisieleweke vibaya:
usinywe, usimwagilie, hata kuku usiwape.

Kimya. Nikasikia saa ya ukutani kwake.
"Mwanangu, sikukuuliza kama yananyweka.
Nilikuuliza kama yamerudi."

Nikasema, yamerudi.

"Basi," akasema, akakata simu.

Leo niko 118. Kifuniko kimegandishwa na barafu,
nakipulizia pumzi kama anayeamsha mtoto.
Kinaachia.
Miguuni pana kijiwe, laini, saizi ya dengu.
Nakiokota, nakisikiliza uzito wake,
nakitia mfukoni. Kanuni ni kanuni.
Nateremsha utepe.