Kurasa za Nyuma

Nilikinunua Chwele siku ya soko, chini ya turubai,
kati ya viatu visivyo na wenzao na redio bubu:
kitabu cha kujifunza hesabu bila mwalimu,
shilingi arobaini,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia,
jina la mwenyewe wa kwanza limekwaruzwa kwa wembe.
Sikukagua nyuma.

Usiku kisiagi kimezimwa, masikio bado yananguruma,
unga kwenye kope,
nilikaa juu ya magunia ya Wabuke
nikasoma sentensi ya kwanza: Msomaji, chukua kalamu.
Hakuna aliyewahi kuniita msomaji.
Shule niliiacha darasa la saba, muhula wa pili,
si kwa ujinga. Kwa sare.

Sehemu nilizijua: nusu gorogoro, robo debe,
nimezikata miaka kumi na tatu bila kuzipa cheo.
Hasi nayo naijua, inalala kwenye daftari la madeni
karibu na jina la shemeji yangu.
Lakini eksi!
Darasani eksi ilikuwa nyekundu,
ilikuja mwisho, juu ya kazi yako, kukuaibisha.
Humu imesimama katikati ya mstari, kifua mbele,
inangoja iulizwe jina.

Wiki mbili nilirudia ukurasa wa thelathini na moja.
Kitabu hakina haraka. Fimbo pia hakina.
Ukikosea kinanyamaza,
ukipatia kinanyamaza vilevile,
na huo ukimya ndio ulionichosha,
nikageuza nyuma kutafuta majibu.
Hayapo.
Yamechanwa yote, yamebaki meno ya karatasi.

Kesho yake Nasipwondi akanifungia njugu za kumi
na kwenye koni, katikati ya chumvi na mafuta:
Zoezi la Tatu, Majibu.
“Wewe! Karatasi hizi umezitoa wapi?”
“Kwa muuza vitabu, kwa kilo. Kwani zina nini?”
Zina majibu, Nasipwondi.
Umewauzia watu wa Chwele majibu yangu,
wametafuna njugu, yenyewe wameyatupa mtaroni.

Nilikula njugu mwezi mzima.
Tumbo likavimba, ukurasa wa pili haukuja.

Halafu mama mmoja wa Sikusi akabisha:
unga wake haujatimia.
Sikujibizana naye. Niliurudisha kwenye mizani,
huku unga, huku mawe ya chuma,
sahani zikapumua, zikalingana, akaona mwenyewe, akaenda.
Mimi nikabaki na mkono hewani.

Mbona jibu nalo hurudishwa lilikotoka?

Tano mara eksi, toa nane,
ni sawa na mbili mara eksi, jumlisha kumi na tisa.
Nilikuwa nimepata tisa.
Nikaichukua tisa yangu, nikaiketisha penye eksi:
arobaini na tano, toa nane, thelathini na saba.
Upande wa pili, kumi na nane na kumi na tisa,
thelathini na saba.
Hapakuwa na mtu wa kuniambia ndiyo.
Ndiyo ilikuwa mle mle ndani, imejikunja kama mbegu.

Ndipo nikaikunjua koni ya Nasipwondi,
nikaisogeza kwenye taa. Swali la sita: nane.

Nane?

Zamani ningefuta langu, tena kwa mate.
Nikaipima nane yao: huku thelathini na mbili,
huku thelathini na tano. Imepunjwa tatu.
Nikapima tena. Nikatoka nje, nikanawa uso,
nikarudi nikapima mara ya tatu,
moyo unadunda kama mkanda wa injini uliolegea.
Kisha pembeni, kwa penseli, kwa atakayefuata:
Si nane. Pima.

Kesho ni sura ya nne, mabano,
na mahindi ya shule ya Namwela, magunia kumi na moja.
Nasipwondi, leo njugu zangu
nifungie kwenye gazeti.