Nusu ya Ulimi

Sikio ndilo lililoumwa. Hilo lijulikane kwanza.
Usaha miaka saba, pamba miaka saba,
kisha Mbeya, hospitali ya rufaa, taa kubwa juu ya uso,
nikarudi Kidabaga na bandeji kichwani
na sikio kavu kama ganda la hindi.

Siku ya tatu Twilumba akanipa chai.
Nikamwambia, mwanangu, sukari umeitia upande mmoja wa kikombe.
Akacheka.
Nami nikacheka, mdomo mmoja, ladha mbili:
kulia chai, kushoto ufunguo wa baiskeli.

Daktari alinichorea nyuma ya bahasha ya eksirei.
Mshipa wa fahamu, akasema, mwembamba kuliko uzi wa kushonea,
hutoka ulimini, hupanda, hukatiza nyuma ya ngoma ya sikio
ndipo ukafike kwenye ubongo.
Pale tulipokwangua ugonjwa ndipo njia yake.
Nani alijua?
Miaka hamsini na miwili ninakula, sikujua
kwamba chumvi hupita sikioni ikienda kwao.

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Hawakusema una waya.

Mimi nauza ulanzi.
Msinionee huruma kwa chakula, chakula ni kutafuna;
nioneeni kwa kazi.
Alfajiri za masika Luvanda huingia mianzini na kisu,
huchanja ncha ya chipukizi, hutundika mbeta,
na mwanzi unalia humo mpaka jioni.
Mimi ndiye niliyejua, kwa tone moja:
huu mtogwa, wa leo, mpe hata mtoto;
huu umelala;
huu mkangafu, unamtafutia mtu ugomvi;
huu umeingiwa na mvua, mwaga.

Sasa natia tone kushoto: kimya.
Kulia: ulanzi.
Katikati: wawili wanabishana, na mmoja wao bubu.

Nimejipima. Usiku, mlango nimefunga,
kioo cha Luvanda cha kunyolea nimekiegemeza kwenye chupa.
Chumvi kushoto, mchanga.
Ndimu kushoto, baridi tu.
Pilipili kushoto — inawaka! Nusura nimwamshe mtu,
lakini moto si ladha, nilishaambiwa,
moto una njia yake nyingine.
Shubiri ndiyo iliyonipata, nyuma kabisa, karibu na koo,
ambako kisu hakikufika.
Yaani katika vyote, uchungu ndio uliosalimika.

Kwenye kioo upande ule umekuwa laini,
vile vinundu vyekundu vimenywea.
Si chakula kinachovilisha, alisema daktari, ni mshipa;
mshipa ukikatika, navyo hufa njaa
katikati ya ugali.

Hapo ndipo ninapoichukia mianzi.
Ukiikata inatoa. Kesho ukiikata tena, inatoa.
Mimi nimekatwa mara moja nikakauka.

Anayeonja siku hizi ni Twilumba. Anakunja pua,
anasema, "Huu mtamu."
Mtamu! Utadhani ni peremende.
Mwezi wa tatu aliwapa mafundi mkangafu saa tatu asubuhi
na ukuta wa shule mpaka leo umeinamia barabara.

Labda, daktari alisema.
Mshipa huota taratibu, kuliko hata ukucha,
na pengine hurudi ukiwa umepotea njia.

Leo, mwezi wa nane, mianzi imefunga, mbeta zimeanikwa,
nilikuwa nashona kifungo cha koti.
Nikalamba uzi niupitishe kwenye sindano
na kitu kikanigusa, ukingoni, kushoto.
Kidogo. Chachu? Chumvi ya vidole vyangu?
Sijui kinaitwaje.

Sikumwambia mtu.
Koti halina kifungo hadi sasa,
na uzi nimeulamba mpaka umelowa wote.