Kuanguka kwa Mgeni Namba Nne

Walinilipa yuro sitini na bakuli la supu.
Ilikuwa Novemba, Tartu, theluji bado haijakata shauri.
Wakanisimamisha katikati ya kamera arobaini
nimevaa fulana nyeusi inayobana kama ngozi ya mtu mwingine.
Kaarel, inua mikono. Geuka. Sasa anguka.

Nikaanguka juu ya godoro.
"Tena," akasema Daktari Liivika, "na usijionee huruma.
Anguka kama mtu aliyekuwa anawaza mkate."

Basi nikawaza mkate.

Tangu hapo mimi ni mgeni namba nne.
Naishi orofa ya chini kabisa, jengo la saikolojia,
ndani ya miwani mizito inayomeza uso mpaka masikioni.
Uhalisia pepe, wanauita:
pepe, kama punje ya mpunga iliyosahau kujaa.
Kituo changu cha basi hakina basi.
Mvua yake hainyeshei mtu.
Anayeingia ananikuta nimesimama,
na kabla hajajua kuwa anapimwa, ameshapimwa:
sentimita alizoziacha kati ya bega lake na langu,
macho yalitua wapi, yalikimbia lini.

Kisha naanguka, na saa inaanza.

Wapo wanaopiga magoti kwenye zulia
wakipapasa hewa kuutafuta mkono wangu.
Yupo aliyepaza sauti aitiwe gari la wagonjwa.
Yupo aliyenivuka kama dimbwi
akaenda kusoma ratiba.

Hayo hayakuwa yangu kuyajua. Karatasi niliyotia saini
inasema umbo ni lao, jina ni langu.
Lakini Tartu ni mji mdogo;
ukipiga chafya huku, ng'ambo ya mto wanakuombea afya.

Jumamosi, sokoni, mama mmoja aliweka chini kabichi zake
akanishika kiwiko.
"Umepona?"
Sikuwa nimeugua.
"Nimepona," nikasema. Ningesema nini?

Na Heldur, fundi wa lifti,
alinifuata mkahawani Jumanne moja,
akanilipia kahawa na keki ya jibini,
akakaa bila kuvua koti.
"Nilijua si wewe," akaiambia sukari.
"Nyaya zilikuwa mgongoni, yule binti ananong'ona na kompyuta.
Nilijua, ndiyo maana nikakuvuka.
Ila mguu. Mguu ulijiinua juu kuliko ilivyohitajika,
usije ukakukanyaga.
Sasa niambie, mguu ulijua nini
ambacho mimi sikukijua?"

Nikamwambia keki ni tamu.

Daktari Liivika aliposikia aliacha kuandika.
Jedwali lake lina safu mbili: aliyesaidia, asiyesaidia.
"Huyo hakusaidia," akasema,
kisha akajiuma ulimi, maana hakupaswa kunitajia.
"Na kahawa? Inaingia safu ipi?"
"Wiki tatu baadaye, nje ya maabara, bila kipimo," akasema.
"Haiingii."
Lakini niliiona kalamu yake pembeni mwa ukurasa
ikichora kikombe, na mvuke wake.

Jana barafu iliniangusha kweli,
mbele ya kituo chenye basi, chenye watu, chenye baridi.
Nilikuwa nawaza kodi ya nyumba, si mkate.
Goti lilipasuka, suruali pia.
Nikiwa chini nilijikuta nahesabu: moja, mbili, tatu,
na viatu vyote vimetulia kama vinasubiri maelekezo.
Kwenye ya sita mwanamke mwenye kofia ya sufu alinyoosha mkono,
akausimamisha njiani,
akajipapasa kwanza paji la uso, na nyuma ya masikio,
kuhakikisha kwamba hajavaa kitu.