Kutki

Juu ya pale miti inapokata tamaa,
msonobari wa mwisho ukiwa umepinda mgongo kwa upepo,
ndipo kutki huanza.
Huioni ukiwa umesimama. Sharti upige magoti,
uzichambue nyasi kama nywele za mtoto mwenye chawa.

Jani lake dogo, lina meno pembeni.
Ua lake la zambarau, hafifu,
si ua la kumpelekea mungu hekaluni.
Yenyewe imelala chini, ubavu,
mzizi mwembamba kama kidole cha mgonjwa,
na ukiugusa kwa ncha ya ulimi
unakumbuka kila jambo ulilodhani umelisamehe.

Saruli, mama mkwe wangu, ndiye aliyenifunza.
Alikuwa na sheria mbili na jino moja la dhahabu.
Usichimbe kabla mbegu hazijaanguka.
Na ukivunja mzizi, kipande kirudi ardhini,
urefu wa pingili ya kidole;
kifunike, kanyaga kidogo, nenda usigeuke nyuma.
"Mlima haumsahau mwizi," alisema,
kisha akapiga chafya, akadai huo ni ushahidi.

Akaja Khimanand na mizani yake ya ndoano.
Kilo moja ya mizizi mikavu ilinunua
unga, mafuta ya taa, viatu vya shule vya Hema.
Tukachimba. Sitasema uongo, tulichimba.
Magoti yetu yalichora njia mlimani kuliko kondoo.
Kipande cha kurudisha kikawa kifupi,
kikawa ukucha,
kikawa neno tu: mwakani.

Ndipo macho ya Kundan, mume wangu, yakaingia manjano,
manjano ya haradali inapochanua bondeni.
Hakuna aliyeshangaa. Pombe ya shayiri alianza nayo kabla ya ndevu.
Daktari wa mjini aliandika karatasi mbili.
Tabibu Pitambar hakuandika kitu;
aliushika mshipa kwa vidole vitatu,
akasikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani,
akasema, "Ini. Msagie kutki, kiasi cha ukucha, kwa asali."
Akanitazama. "Wewe huwezi kuikosa."

Niliikosa.
Magunia kumi na moja yalipita mlangoni pangu
na sikubakiza hata cha kupaka ulimini.

Nikapanda mwezi wa Asoj, theluji ya kwanza ikiwa ukingoni.
Kutwa nzima magotini. Nyasi, nyasi,
kinyesi cha mbuzi mwitu, nyasi.
Mahali petu pa zamani palinyamaza
kama mtu aliyechoka kukudai.
Jua likielekea kuzama, kando ya jiwe
ambapo Saruli alizoea kugonga majivu ya kiko chake,
jani moja lenye meno.
Alikirudisha hapo kipande chake
mwaka wa mwisho wa magoti yake.

Nilikata nusu. Mkono ulitaka yote.
Nilikata nusu, nikafunika, nikakanyaga kidogo,
nikaenda. Niligeuka nyuma mara tatu.

Kundan alikunywa, uso ukajikunja wote.
"Chungu! Mwanamke, tia sukari!"
Nikamwambia: mimi nimekunywa miaka kumi na tisa
na sijakuomba sukari.
Alinyamaza muda wa kuni moja kuungua.
Kisha akakitazama kikombe, akaufuata unga uliobaki
kwa kidole, akaulamba,
akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuijua,
kama magoti bado yananiuma.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita.
Leo asubuhi amekunywa chote bila kukunja uso.
Nimeogopa.
Nimechukua kikombe nyuma ya mlango,
nikaonja mwenyewe, nijue kama ni mzizi uliopoa.

Haujapoa.