Punje Koponi

Nyuma ya karakana ya Harnamu Singh, pale Moshi,
hatua chache toka stesheni, palikuwa na rundo:
majani ya springi, chuma cha Ulaya,
yamekatika katikati kama muhogo mkavu.
Yote yalikata tamaa njia ya Kibosho,
palepale kwenye mawe, kabla ya kuvuka Karanga.

Gari lile lilibuniwa na watu wa barabara nyingine.

Ndipo Harnamu akamwita baba, mhunzi wa Mamba.
Baba hakuuliza ujira. Aliuliza, "Linabeba nini?"
Kahawa. "Magunia mangapi?" Kumi na mawili,
na bwana shamba, na mbwa wa bwana shamba.
"Basi aliyelivunja ni mbwa," akasema baba,
akainama, akachora upinde majivuni kwa kidole.

Jani la kwanza walilizimisha kwa maji.
Liligongwa, likalia kama kengele ya misheni,
likakandamizwa mara moja, likapasuka.
La pili lililala mno motoni:
ukilipinda linapindika, na linabaki hivyo,
kama mkwe aliyekuja kuomba msamaha.
Wakabishana siku mbili, Kalasinga na Mchaga,
kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya,
mpaka la tatu likazamishwa kwenye mafuta ya nyonyo,
likarudishwa kwenye makaa, taratibu, taratibu,
hadi likapata ile buluu ya shingo ya njiwa.
"Toa!" wote wawili, kwa pamoja.

Mti wa mkaratusi ukawa mkono wa kukandamizia.
Wavulana wawili wakaning'inia: chini, juu. Chini, juu.
Mimi, Manka, nilipewa kopo na kahawa mbovu:
kila jani likiinama na kuinuka, punje moja.
Sikujua kuhesabu kupita mia, lakini punje hazisahau.
Kibo ilijitokeza, ikajifunika; hakuna aliyeinua macho.
Jioni jani likasema tk,
sauti ndogo, kama ukucha.

Kwa taa ya chemni tulizimwaga mkekani:
elfu mbili mia tatu na kumi na moja.
Harnamu akaandika daftarini kwa herufi zake
zinazoning'inia kama nguo kambani.
Baba hakulala. Alfajiri alipanda Kibosho,
akarudi kwa miguu, punje mfuko wa kulia,
kila shimo akihamisha moja kushoto.
Mia moja tisini na nne.
"Safari kumi na mbili, na ya kumi na mbili haifiki."
Msimu ulikuwa na safari sitini.

Niliyeuona ufa ni mimi; macho ya mtoto yako karibu na ardhi.
Ulianzia kwenye alama ya ukoo wetu,
mistari mitatu aliyoipiga baba kwa patasi
ili dunia ijue kazi ni ya nani.
Akaipapasa kwa gumba. Akaipapasa tena.
Hakusema neno, na Harnamu akajifanya anatafuta koleo.

Jani la nne lilisuguliwa kwa jiwe la mto, kingo zote,
likawa laini kama shavu. Halikuwa na alama.
Lilipita msimu ule, na mwingine.
Bwana shamba aliwaambia wageni ni chuma cha Ulaya.

Lile la tatu tulilifua panga.
Hadi leo nakatia migomba.
Mistari miwili imebaki; wa tatu uliondoka na ufa.