Kilo Kumi na Tisa

Nimepima mkonge miaka ishirini na miwili,
robota kwa robota, ghalani kule Gofu,
kwa hiyo baiskeli nayo nimeipima.
Nilikwenda na mizani yangu ya kuning'iniza
hadi kwa Fundi Shekiondo, Barabara ya Kumi na Nne.
Alicheka mpaka spana ikamdondoka.

Ya kwanza ilitoka Japani, mtumba wa kontena,
buluu, gia ishirini na moja, kilo kumi na tatu.
Nyepesi kama uongo.
Nikaona kabisa vijana wa Makorora
wakinipisha njia.
"Hizi gia zikikatika," nikamuuliza fundi,
"nikiwa Voi, au mbele ya Voi?"
Akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.
"Utaibeba," akasema. "Si nyepesi?"

Ya pili nyeusi, Mchina wa zamani,
fremu imechomelewa mara mbili chini ya tandiko
na kovu likapakwa rangi ya mlango wa mtu, kijani.
Keria pana, bado ina nyuzi za magunia.
Gia ni moja, nyingine ni magoti.
Spoku zake zinauzwa pamoja na chumvi na kiberiti
kwenye maduka ya njiani, nimeambiwa, hadi Busia.
Sindano ikatetemeka, ikatulia kumi na tisa.

Kilo sita zaidi. Nikazihesabu kama kazini:
ni jiko na sufuria nisivyovihitaji,
maana hakuna kituo kisicho na mama wa chapati.
Ni koti la pili.
Ni kulala gesti nusu usingizi
nikisikiliza nani ameigusa uani.
Hii nyeusi hakuna mwizi atakayeiota.

Watu wananiuliza: una mgonjwa Kampala?
Kuna msiba? Unafuata mzigo?
Pasipo hayo mtu havuki Horohoro.
Kijana aliyenisaidia kujaza fomu ya pasi
alisimamisha kalamu juu ya Madhumuni ya Safari.
Nikamwambia, andika kutembea.
Akaniangalia, akaandika biashara ndogondogo.
Robota zangu zimeshafika Ulaya, zimekuwa kamba,
pengine zimeshachakaa na kutupwa;
mimi sijapita Duga Maforoni.

Laki na themanini, akasema Shekiondo.
Nikamwonyesha tairi la nyuma lilivyokula upande.
Tukaishia laki na sitini na pampu juu,
na spoku sita za akiba, alizozifunga kwa mpira
kwenye fremu kama mtu anayefunga mwiko uliovunjika.

Nikaijaribu hadi Chumbageni na kurudi.
Pedali ya kushoto inagonga kila mzunguko, ka, ka,
kama mtu anayehesabu hela za mwenzake.
Tanga ni sinia, haimfundishi mtu kupanda.
Milima nitajifunzia hukohuko,
nitashuka nisukume;
hilo nalo ni kutembea.

Mwantumu hajasema neno.
Aliizunguka mara moja, akabonyeza tandiko,
akaingia jikoni.
Asubuhi nimeikuta ukumbini, imeegemea ukuta,
kanga mbili mbichi zimeanikwa kwenye usukani,
na kwenye keria, dekio.
Nimesubiri zikauke.