Mizani

"Mbele halinisikii," anasema Harnek,
helmeti bado kwapani, vumbi la Jamhuri kwenye kope.
"Nakata kona, nalo linanyooka
kama ng'ombe aliyenusa maji."

Simjibu. Kwanza naliuliza gari.
Nalala chini ya Datsun iliyonizidi miaka mitatu,
mgongo juu ya kadibodi la friji,
na Kirinyaga Road inapita karibu na kisogo changu:
miguu, mikokoteni, ndoo ya mayai ya kuchemsha.

Springi alizoleta zingali na rangi yake nyekundu.
Zimetoka Dubai, zimekula karo ya muhula mzima ya mwanawe.
Ngumu. Anadhani ugumu ndio mbio.
Nazigonga kwa spana, zinalia
kama sahani ya mtu aliyekwisha kula.

Nilipokuwa darasa la saba, Mwalimu Nasimiyu
alitufunza kuhesabu mizani kwa vidole juu ya dawati,
nane huku, nane kule,
na mshororo uliopungukiwa silabi
aliusoma kwa sauti, akitembea huku akichechemea
mpaka darasa zima likacheka.
Mimi sikucheka. Nilimtazama mguu.

Leo nina mizani nne nilizoazima Marikiti,
zilizopima viazi alfajiri na zitapima tena kesho.
Kila gurudumu juu ya yake.
Kyalo ameketi kwenye kiti cha dereva
na mfuko wa saruji mapajani,
maana Harnek ni mtu wa mwili.

Mbele kushoto, mia mbili sitini na nane.
Mbele kulia, mia mbili arobaini na moja.
Nyuma kushoto, mia moja tisini na sita.
Nyuma kulia, mia mbili ishirini na tatu,
sindano ikitetemeka kila lori likipita.

"Linachechemea," nasema.
Harnek anainama. Magurudumu manne, yote yamesimama.
"Wapi?"

Ni pembe kwa pembe, bwana. Ni meza ya hotelini
uliyoitilia karatasi chini ya mguu,
chai ikamwagikia upande wa pili.
Nazungusha pete ya springi, robo, nusu,
narudi mizanini, narudi chini.
Saa nne usiku pembe mbili zimekubaliana,
zimeachana kilo mbili, na hizo ni chakula cha Kyalo.

Springi nyekundu nimezirudisha kwenye boksi.
Stabilaiza ya mbele nimeisogeza tundu la mwisho, ilegee.
"Unalilegeza gari la mashindano?"
Umewahi kupita peku kwenye tope la Aprili?
Ukikaza goti, umekwenda.
Tairi nayo ina goti.
Yeye anataka mshiko. Hata mimi nautaka,
ule wa mfukoni, wa wiki tatu sasa,
lakini hilo tutaliongea Jumatatu.

Jumapili mvua ikaja kabla ya ibada.
Udongo mweusi wa Jamhuri ukafura kama mandazi.
Wenzetu wakasimama chini ya turubai, wakilaani mbingu.
Mimi nikapiga magoti: mibofyo miwili nikaipunguza kila shokamzoba,
nyuma nikarudisha mmoja, sijui kwa nini,
kidole ndicho kilichotaka.

Nililisikia kabla sijaliona.
Kona ya tatu, ile iliyowameza wawili,
injini haikupumua, haikusita,
mkia ukatoka kidogo, ukauliza njia, ukarudi.

Tulikuwa wa nne.
Harnek akashuka, matope hadi kwenye ndevu,
akaegemea mlango kwa muda.
"Limenisikia," akasema.

Nilikuwa nimeshachuchumaa, kiganja kwenye mpira wa moto.
Ndani, katikati, nje: joto moja.
Tairi ya pili, joto moja.
Ya tatu.
Ya nne, nyuma kulia, ukingo wa nje umepoa,
kiasi cha silabi moja.

Kyalo, lete spana.